Spana Iliyoacha Kulia

Enzi zetu nati yenye kutu haikulazimishwa, ililazwa. Ndiyo, ililazwa, kama mtoto! Hawa vijana wa mashine za umeme, trrr, nati imetoka, watanicheka. Na wacheke.

Baba yangu alikuwa fundi wa injini za mashine za kusaga, huko Mkolani. Karakana yake ilikuwa uani, kati ya jiko la mama na jiwe kubwa tulilolitumia kuanikia nguo na michembe. Nilikula michembe yenye harufu ya dizeli mpaka nikadhani viazi vyote duniani vinanuka hivyo. Wenzangu wakitoka shule wanacheza rede, mimi nimechuchumaa kwenye injini. Mama alikuwa akilalamika, "Huyu nani atamuoa na kucha hizi?" Baba anamjibu bila kuinua kichwa, "Mwenye mashine mbovu."

Nati ikigoma, baba aliimwagia dizeli jioni, akaigonga kidogo kwa nyundo, akaifunika kitambaa kilicholowa na kuiacha mpaka kesho. Mteja akiuliza, anaambiwa, "Imelala, usiiamshe." Asubuhi anachagua boksi ya pembe sita, kile kikombe cha chuma kinachoivaa nati bila kula kona zake, anaipachika kwenye mpini mnene wa chuma. Anaikaza nati kidogo kwanza, ishtuke, ndipo anairudisha nyuma. Ikikataa bado, anavalisha bomba kwenye mpini, urefu uongeze nguvu.

Halafu kulikuwa na spana ya kipimo. Hiyo ililala kwenye sanduku la mbao, imeviringishwa kitenge kikuukuu cha mama. Ndefu, inang'aa, ina namba shingoni. Unaitegea namba, unakaza, nati ikifika pale spana inalia: tak! Ilitumika kukazia tu, mwisho wa kazi. Sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuifuta vumbi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili Mama Koku wa Usagara alipoleta injini yake ifunguliwe hedi, kile kifuniko cha juu. Mashine hiyo ndiyo ilikuwa inamlisha yeye na wanawe. Baba aliniita Mayu, yaani mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Akaniambia, "Mayu, ukifungua nati zote nane za hedi bila kuharibu hata moja, siku ya kufunga utakaza wewe. Kwa ile." Jamani! Niliitaka hiyo tak mkononi mwangu kuliko viatu vya Krismasi.

Saba zilitoka. Ya nane ikagoma. Ilitakiwa kulazwa tena, lakini mimi na kesho wapi na wapi! Baba alikuwa amekwenda mjini kutafuta gasketi. Nikautazama mpini, nikalitazama sanduku. Ile spana ya kipimo ilikuwa ndefu zaidi. Nikaitoa, nikaipachika boksi, nikaning'inia kwa uzito wangu wote.

Kra. Nati haikusogea hata nywele. Nikaijaribu spana kwenye bolti nyingine: inakaza, inakaza, hailii. Nikaiviringisha kitenge na kuirudisha sandukuni. Baba akiisubiri ilie, atakaza mpaka akate bolti ya Mama Koku. Nikisema, nimepoteza zamu yangu.

Aliporudi nikamwamkia. "Shikamoo baba." "Marahaba, Mayu." Nikasema haraka kabla sijaogopa zaidi, "Baba, spana ya kipimo nimeiua."

Akaitoa, akaigeuza, akakaa juu ya tairi. "Uliifungulia nati?"

"Ndiyo."

"Hii inapima, Mayu. Haishindani na mtu." Nikasubiri kofi, na kusema kweli nililitaka, tumalizane. Badala yake akanionyesha injini kwa kidevu. "Nati yako bado."

Loo, nililia huku namimina dizeli! Siku mbili nikalaza, nikagonga, nikakaza kidogo, nikarudisha. Viganja vikatoka malengelenge. Rede nikaisikia kwa mbali tu. Nikajiapiza: hii nati itatoka, na itatoka nzima. Siku ya tatu nikavalisha bomba, nikavuta polepole. Kwiii! Ikasogea. Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Baba akaenda kuazima spana ya kipimo kwa fundi mwenzake. Akaitegea namba, akanipa mimi.

"Si niliharibu ile?" nikauliza.

"Nilisema nati," akajibu. "Nati zako zote nane ni nzima."

Nikakaza kwa kupishanisha, huku na ng'ambo, mizunguko mitatu. Tak ya mwisho ilinitoa machozi, na siku ile ile mashine ya Mama Koku ikanguruma.

Leo nina gereji yangu Kiseke. Vijana wangu hodari, wana video kwenye simu na vifaa ambavyo baba hakuvishika. Wananiambia, "Mama, enzi zenu mlikuwa na muda." Kweli, tulikuwa nao, na naukumbuka kuliko viatu vyote vya Krismasi. Miaka minne baba aliazima spana ya watu, kila hedi anakwenda na kurudi kwa miguu, na hakuwahi kunikumbusha kwa nini.

Ile ya kwetu ninayo, ndani ya kitenge kile kile. Kila fundi mgeni nampa siku ya kwanza, namwambia akaze mpaka ilie. Anakaza, anatega sikio, ananitazama. Hailii. Namwambia niliyeinyamazisha ni mimi, kisha namkabidhi kopo la dizeli na kumwonyesha injini kwa kidevu.