Wote Tumeongea Naye

Jumatatu, nikiwa kwenye foleni ya kituo kimoja cha afya hapa Gitega, nilimsikia baba mmoja, fundi cherehani wa Muyinga, akimweleza muuguzi kwamba binti yake amejiumiza kwa makusudi kwa mara ya tatu. Binti, mtu mzima kabisa, alisimama pembeni akivuta mikono ya sweta.

"Atakuja kila wiki kuongea na mwanasaikolojia," muuguzi akasema, "ajifunze la kufanya ile hali ikimjia."

"Kuongea tu? Madame, mi nimeongea naye! Shangazi yake ameongea, shehe ameongea, hata jirani. Wote tumeongea!"

Bahati iliyoje: wataalamu wanne, tena bila miadi.

"Na yeye, baba, alisema nini?" muuguzi akauliza.

Baba akamgeukia binti kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Binti akafungua mdomo.

"Ngoja," baba akainua kiganja, "mi nitaeleza."

Muuguzi akamshika binti mkono, akaingia naye ndani, akafunga mlango. Baba akabaki na sisi, kiganja bado kiko juu, machozi yanamlenga.

Sisi watu wa foleni tuna huruma sana. Tulimzunguka, tukamshauri kwa zamu mpaka mlango ulipofunguliwa. Hakuna aliyemuuliza kitu.