Siku Tuliyowaingiza Ng'ombe Mtoni

Mkondoni kwetu hakukuwa na sheha wala mkubwa mwengine wa mtaa. Watu wa mjini wakituita washamba, wa shamba wakituita wa mjini, nasi tukiitika naam huku na huku, maana maziwa yetu yakinywewa pande zote mbili. Aliyefyeka mwanzo pale, wakati ukingo wote wa mto ni matete, alikuwa mkwe wangu Bi Tatu na marehemu mumewe. Nilipoolewa nilikuta vibanda vya udongo, migomba, na ng'ombe kila mlango.

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kizingitini namnywesha mwanangu Khamis kwa kijiko. Maziwa yangu yalikauka kwa homa ya uzazi, na kilichomweka hai kitoto kile ni ng'ombe mmoja tu, mwekundu, wa Bi Tatu.

"Huyu siku akianza kusema, ataanza na mbuuu," Bi Tatu akanitania. Nilicheka hadi nikamwaga kijiko.

Adhuhuri mume wangu, Haji, akarudi mbio kutoka sokoni. Serikali inachanja ng'ombe kwa nguvu, na kwetu watakuja kesho. Ilikuwa ishaenea kisiwani kwamba sindano ile inakausha maziwa, kisha inaua. Nilimtazama Khamis, nikampakata.

"Hawatomchanja ng'ombe wangu huyu," Bi Tatu akasema. "Wallahi, mpaka wanichanje mimi kwanza."

Kulipopambazuka hapakuwa na mkubwa wa kutuamrisha. Lakini, subhanallah! Mlango ukafunguka, na mwengine, na mwengine, kila mtu akashika kamba ya ng'ombe wake akateremka mtoni. Watu walionuniana miaka walisimama bega kwa bega, maji kiunoni. Mimi nilibaki upande wa nyumba, Khamis mgongoni. Nimeona mengi duniani, lakini nikiikumbuka asubuhi ile mpaka leo mwili hunisisimka.

Malori yakasimama ng'ambo, barabarani. Askari wakajipanga ukingoni na bunduki zao.

"Watoeni ng'ombe majini!" afisa wao akaamrisha.

"Wanakunywa," Bi Tatu akajibu. "Mwenye kiu hafukuzwi."

Watu wakacheka. Ndiyo, mbele ya bunduki, tukacheka.

Afisa akanyanyua mkono.

Walipiga juu, hewani.

Ng'ombe hawakujua kuwa ni hewani.

Waliruka wote kwa pamoja.

Kwetu ni mwiko kuizungusha kamba ya ng'ombe mkononi. Bi Tatu mwenyewe ndiye aliyenifunza. Siku ile aliizungusha kiganjani, akaikaza. Ng'ombe akamburura kupita maji, kupita mawe, mpaka ng'ambo kwenye matope. Hakuachia.

"Mama!" Haji akaita, akivuka. "Mama!"

Alimkuta ng'ombe amesimama anahema, na mama yake kalala kifudifudi, kamba bado mkononi. Askari mmoja alivua kofia. Afisa aligeuka akatazama barabarani, malori yakaondoka bila ya kupiga sindano hata moja.

Tulimzika alasiri ileile. Jioni nikakamua mimi. Khamis akanywa akalala, hajui kitu.

Hazikupita wiki mbili walirudi, na hakuna tena aliyekuwa na nguvu ya kukataa. Ng'ombe mwekundu akachanjwa. Nikawa namwangalia kila saa, nangoja aanguke. Hakuanguka. Maziwa hayakupungua hata tone.

Kwa hiyo bibi yake Khamis alikufa kwa kumzuilia mjukuu wake jambo lisilokuwa na madhara. Nimelipima hilo miaka yote, na bado siwezi kusema alikosea. Sindano ilikuja pamoja na bunduki. Nani angejua ipi dawa, ipi shari?

Siku ya arubaini yake, chai ya wageni wa khitma tuliipika kwa maziwa ya ng'ombe yule. Wageni wakaisifu. Nikaingia chumbani nikalia kwa sauti, sikuona haya, kwa kuwa mtu niliyetaka kumwambia, "Mama, ng'ombe mzima," ndiye waliyekuwa wakimsomea ukumbini.