Asili ya Mtu wa Bati

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu binafsi walipoanza kutoa magazeti yao, nilipata kazi ya kupiga chapa kwenye gazeti moja la katuni, Kinondoni. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha kupanga nyuma ya duka la vipuri. Tulikuwa wawili tu: mimi, na mchoraji ambaye ndiye aliyekuwa mwenye gazeti. Yeye alichora, mimi nilipiga maneno kwa mashine, nikayakata kwa mkasi na kuyabandika kwenye vile viduara vinavyotoka midomoni mwa watu.

Kilichouza gazeti letu ni jambazi mmoja aliyeficha uso wake kwa kipande cha bati. Aliiba benki, aliteka malori, alichoma maghala, na kila toleo liliisha polisi wakimkosa kidogo tu. Tulimwita mtu wa bati. Shida ilikuwa asili yake. Kabla yangu alikuwa ameandikwa na watu watatu, na kila mmoja alimpa ukoo wake. Toleo moja lilisema baba yake alikuwa mlinzi wa bandarini aliyefukuzwa kazi kwa kusingiziwa. Jingine likasema hana baba wala mama, aliokotwa jalalani. Halafu mchoraji, siku moja akiwa na haraka, akamfanya pacha wa yule askari kanzu anayemwinda. Wasomaji wakaanza kutuandikia barua. Fundi mmoja aliandika kwamba karakana nzima imegawanyika, mafundi hawasemezani, basi tuwaambie huyu mtu ni mtoto wa nani.

Mchoraji alinisukumia barua zile. "Wewe ndiye uliyesoma. Mtafutie asili moja, tuachane na aibu hii. Tena iwe ya kuwachoma watu."

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Tangu nianze kazi hakuna aliyewahi kuniomba nitunge kitu. Nilitaka sana aone kwamba naweza.

Nyumbani kwetu Temeke tulikuwa mimi, mama, na mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka kumi na tatu. Baba, aliyekuwa seremala Keko, alikwishafariki. Dada yetu mkubwa alikuwa ameolewa, akikaa Ubungo. Hivyo ndivyo tulivyojieleza kwa watu. Ukweli ni kwamba yule mdogo wetu alikuwa mtoto wa dada. Dada alipata mimba akiwa kidato cha pili. Mama akaenda naye kwao Lindi, ikasemwa wanamuuguza bibi, wakarudi baada ya miezi mingi na kichanga ambacho mama alisema amekizaa yeye. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na niliona kwamba mtoto akililia kunyonya, anayeingia naye chumbani na kufunga mlango ni dada. Niliuliza mara moja tu. Baba aliniambia, "Hilo usiliulize tena." Sikuliuliza.

Lakini nililiandika. Niliandika kwamba mtu wa bati alikulia kwenye nyumba ambamo mama yake alimwita dada. Kwamba huyo dada, baada ya kuolewa, alikuja kila Jumapili na zawadi, akamkabidhi akisema "shika mdogo wangu," kisha akageuka kufunga dirisha ambalo tayari limefungwa. Hilo la dirisha sikulibuni, nilikuwa nimelishuhudia. Kwamba siku moja kijana alisikia wakubwa wakinong'ona, akaelewa, akaenda kukata bati kwa mkono wake. Mchoraji aliponiuliza nyumba ichorweje nikamweleza yetu, mpaka mlango wa mbele ambao baba aliupachika maua aliyoyachonga kwa mbao ya mninga. Sikuchukua hata siku mbili. Mchoraji alisoma mpaka mwisho, akasema, "Hii umeitoa wapi?" Nikasema, "Kichwani." Nilifurahi mno. Sikumbuki kama dhamiri ilinisumbua hata kidogo, na hicho ndicho kinachonitia haya mpaka leo.

Gazeti likitoka nilikuwa napeleka nakala moja nyumbani. Macho ya mama yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo mdogo wetu ndiye aliyemsomea. Jioni ile mama alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo, na binti amekaa kwenye kigoda anasoma kwa madoido yake, polisi sauti nene, jambazi sauti ya mkwaruzo. Mimi nilikuwa mlangoni, nasubiri sifa.

Alipofika kwenye dirisha, mikono ya mama ikasimama juu ya ungo.

"Niendelee mama?"

"Malizia."

Akamalizia. Mama akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani kaandika?"

"Si dada huyo!" Binti alinionyesha kwa kidole, ameng'aa uso mzima.

Mama aliinuka, akaingia ndani na ungo wake. Nilimfuata. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, hajaweka ungo chini.

"Haya umemsimulia nani?"

"Sijamsimulia mtu, mama. Nimeandika tu."

"Umeandika tu," alisema.

Hakuniongelesha siku nne. Nami nikatafuta njia ya kujinasua, nikachagua ya kipumbavu. Toleo lililofuata nikaandika kwamba yale yote yalikuwa uongo wa mtu wa bati mwenyewe ili siku akikamatwa mahakama imhurumie. Mama yake ni mwanamke mwingine kabisa, muuza samaki, na alifariki zamani. Mchoraji alilalamika kwamba naharibu kitu kizuri, nikamng'ang'ania. Nilijiambia namlinda mtoto. Kwa kweli nilikuwa najilinda mimi.

Binti alilisoma toleo hilo peke yake, mezani, bila kuigiza sauti. Alipomaliza akaniita.

"Dada, hii umeiandika kwa woga."

"Woga wa nini? Hadithi zinabadilikaga."

"Ule mlango si wetu?"

"Mchoraji ndiye aliyechora."

"Mchoraji hajawahi kuja hapa." Alinitazama bila hasira, kama anayesubiri nimsaidie hesabu. "Kwani mie ni nani?"

Ningeweza kumwambia niende nikamwite mama. Ningeweza hata kunyamaza. Nilisema, "Wewe ni mdogo wangu. Acha kujitia kwenye katuni." Na nikacheka. Kicheko kile nakikumbuka kuliko maneno yote niliyopata kuandika.

Hakubisha. Kesho yake alitoka shule, hakurudi nyumbani, akaenda Ubungo akiwa na sare na lile gazeti. Alimkuta dada bombani, akamsaidia kubeba ndoo moja, na wakiwa njiani akamuuliza. Dada aliweka ndoo chini akamwambia kweli, palepale, watu wakipita. Shemeji alipotoka kazini akamwambia na yeye, kwa sababu tangu wachumbiane hakuwahi kumwambia. Shemeji alihamia kwa kaka yake. Ilipita karibu miezi mitatu ndipo akarudi, na hata aliporudi, mama anasema, alikuwa mtu mpole kuliko zamani, mpole wa namna isiyopendeza.

Dada alikuja Temeke Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Nilimwamkia, "Shikamoo dada," akaitikia marahaba, akakaa, akavua viatu. Nilianza kumwambia kwamba sikukusudia siri itoke.

"Siri ingetoka tu," alisema. "Hata mie nilikuwa nataka itoke. Miaka yote hii nilikuwa najipanga. Nilishachagua siku, mwisho wa darasa la saba, nimpeleke matembezi, nimnunulie kitu, nimkalishe, nimwambie mwenyewe. Maneno nilikuwa nayo, kila Jumapili nilikuwa nayarudia kwenye basi. Sasa amenijia ameshika karatasi yako. Nimebaki kumwambia ndiyo au hapana." Akafuta machozi kwa upindo wa khanga. "Ndiyo au hapana tu. Hicho ndicho ulichonichukulia."

Mpaka siku ile nilidhani kosa langu ni kutoboa siri.

Niliacha kazi mwezi huohuo. Mchoraji akapata mwandishi mwingine, ambaye nasikia alimpa mtu wa bati baba mwingine tena, tajiri wa Mbezi Beach. Halafu gazeti likafa, kama mengi ya wakati ule. Binti alihamia Ubungo alipoanza sekondari, kwa hiari yake, na shemeji ndiye aliyempeleka kuandikishwa. Dada mkubwa aliendelea kumwita dada, na mama akabaki kuwa mama. Binti alisema ulimi umeshazoea. Mimi peke yangu ndiye niliyetaka abadilishe. Nilitamani aniite mama mdogo, kwa sababu niliona siku akiniita hivyo atakuwa amenisamehe. Hakuwahi, na mimi sikupata ujasiri wa kuomba.

Alipoolewa, miaka mingi baadaye, mshereheshaji aliita mama mzazi wa bibi harusi asimame. Nilimwona dada akisita, akimtazama mama, na mama akimgusa kiwiko ainuke. Akainuka, ukumbi ukapiga vigelegele. Mimi wiki nzima nilikuwa naandika hotuba fupi ya upande wetu, na sasa ilikuwa imekunjwa kwenye pochi. Binti alikwishaona jina langu kwenye ratiba. Alinifuata mezani kabla ya chakula, akainama sikioni kwangu na shela yake, akaniambia kwa upole, "Dada, nakuomba wewe usiseme kitu." Nikamwambia sawa. Nilimwomba mshereheshaji anifute, naye akaita mtu mwingine.