Mdhamini wa tatu ni mama mkwe

Saa tatu asubuhi, Mama Pasi ananyunyizia maji kola ya shati la jirani, anapitisha pasi ya mkaa, kisha anapuliza jivu lisichafue kitambaa. Mlangoni imening'inia blauzi yake mwenyewe. Mchana anakwenda kujaribiwa kazi ya udobi hospitalini.

Jina hilo alipewa na majirani. Zamani alikuwa dobi wa hoteli, mwenye sare na mshahara. Mumewe alipopooza, aliacha kazi akamuuguza miaka sita, mpaka Mungu alipomchukua. Tangu hapo anawapigia watu pasi. Cha asubuhi kikipatikana, cha jioni kitajijua chenyewe.

"Nimechoka kubahatisha," anasema. "Nataka kazi yenye mwisho wa mwezi."

Ndipo akaenda kwa mchapaji mwenye kompyuta karibu na soko, amnyooshee wasifu wake. Kijana alisoma, akajikuna kichwa. "Dada, hapa katikati pana shimo la miaka sita. Tuandike ulikuwa na biashara."

"Biashara ipi? Nilikuwa namuuguza mume wangu. Andika hivyo hivyo."

"Haya. Na mdhamini wa miaka hiyo ni nani?"

Akafikiri weee. Wawili wa hotelini alikuwa nao, lakini shahidi wa miaka ile alikuwa mmoja tu: mama mkwe anayeishi naye hadi leo, bibi ambaye tangu harusi hajawahi kumsifia hata chai. Akataja namba yake. Mchapaji alicheka mpaka akalazimika kuvua miwani.

Bahasha zikapelekwa hotelini, shule za bweni, kila penye shuka za kufuliwa. Kimya. Hadi wiki iliyopita, msimamizi wa madobi wa hospitali moja alipompigia simu mama mkwe.

"Nilikuwa naosha vyombo," Mama Pasi anasimulia. "Nikamsikia: 'Huyo? Mbishi huyo, na chumvi anazidisha.' Nikajua basi, kazi imeota mbawa."

Bibi akaendelea: "Lakini nikwambie, mwanangu. Kijana wangu alilala kitandani miaka sita. Sikumkuta kwenye shuka chafu hata siku moja. Mimi niliyemzaa nisingeweza."

Vyombo havikuisha siku hiyo. Mama Pasi aliketi sakafuni akalia kama mtoto, mpaka bibi alipopita na kumwambia ainuke, atapata baridi.

Nilipomuuliza bibi kwa nini hakuwahi kumwambia mwenyewe, alinishangaa. "Hajaniuliza. Yule wa simu aliniuliza."

Mama Pasi anacheka, anafunga vifungo vya blauzi. Mshahara wa kwanza, anasema, ni wa kumtibu mama mkwe macho.

Na wasipomchukua?

"Nitapeleka bahasha kwingine," anasema. "Mdhamini ninaye."