Mlio wa Tangi Ndani ya Moshi

Mtanicheka, najua. Mimi ni nyapara wa lori la kuzima moto katika shamba la makonge, kati ya Ruiru na Thika. Kwetu moshi ukitanda, dereva hugonga tangi la maji kwa spana, nasi tunafuata mlio mpaka kwenye lori.

Juzi nyasi ziliwaka na moshi ukatumeza mchana kweupe. Nikasikia ngo, ngo. "Nifuateni!" nikanguruma.

Tukatembea, mlio haukukaribia. Tukisimama, unanyamaza. Tukienda, nao unaenda.

"Ngai! Hilo si lori," Mwangi, mmoja wa watu wangu, akanong'ona nyuma yangu. "Nani anatuita, nyapara?"

Nywele zilinisimama, lakini nyapara haogopi mbele ya watu wake. Nikakaza mwendo. Mlio nao ukakaza, na moto ukazidi kuvuma karibu.

Ghafla upepo ukageuka. Tukamwona Njoroge, dereva wetu, mbali nyuma yetu, akipiga tangi kwa ngumi. Alitujia mbio, machozi yakimtoka.

"Nyapara, si ungenirudishia spana yangu kwanza?"

Nikatazama kiunoni. Spana niliyoazima asubuhi ilining'inia kwenye mshipi, kando ya kopo langu la bati. Watu wote wakanitazama kiunoni. Nikapiga hatua moja kumwendea.

Ngo.