Mama mkwe anaamini binti yake alikufa palepale

Wakubwa shikamooni. Admin, kijiji usikitaje, sema tu ni njia ya Mlimba, maana wakikijua kijiji na mimi watanijua. Nina miaka thelathini na mmoja, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kiume.

Kabla ya ndoa nilikuwa kibarua kwenye shamba kubwa la mpunga pamoja na rafiki yangu, nimwite Sabina. Asubuhi tulipakiwa wanawake wengi kwenye tela la trekta kwenda kupalilia. Siku moja ya masika tela likateleza, likapinduka ndani ya mfereji. Mimi nilibanwa kiunoni, kichwa kikabaki juu ya maji. Sabina alikuwa chini yangu. Sikumwona, ila mkono wake ulikuwa umeshika wangu. Anaubana, analegeza, anaubana tena. Nilipiga kelele tela linyanyuliwe, lakini watu walikuwa wanahangaika na wale wanaoonekana. Ilichukua muda mrefu. Kwamba amekufa, mimi nilijulia mkononi.

Sikuwa na hata mchubuko. Msimamizi akanipa soda, akasema, "Mshukuru Mungu, nenda kapumzike." Msibani msimamizi huyohuyo akamwambia mama yake Sabina kwamba binti yake alikufa palepale, hakuteseka. Mama akanitazama mimi niliyekuwa naye. Nikanyamaza.

Baadaye nikaolewa na kaka yake Sabina. Mama mkwe tunaishi naye, ananipenda kama aliyenizaa. Kila akimaliza rozari humshukuru Mungu kwamba mwanawe alipata kifo chepesi, na mimi naitikia amina.

Ugonjwa wangu sikumwambia mtu. Nikitia mkono kwenye maji yaliyotulia, nahisi umeshikwa. Mchele naosha haraka haraka kama naiba. Masika bonde likijaa maji najifungia ndani. Walioniona wakasema ni mapepo, nikaombewa, haikusaidia. Mwaka huu nilikuwa namwogesha mtoto kwenye beseni, mchana kweupe, mkono ukashikwa. Nikauchomoa kwa nguvu, mtoto nikamwachia akazama. Mama mkwe ndiye aliyemwopoa.

Mume wangu akanipeleka hospitali Ifakara. Daktari alinisikiliza peke yangu, akasema, "Hayo si mapepo, mama. Uliumia siku ile ya ajali, ila uliumia akili, na jeraha hilo halijatibiwa." Nililia, maana miaka yote nilidhani nina laana.

Akatuelekeza kwa wakili anayesaidia watu bure. Wakili akasema muda wa kuwadai wenye shamba umeshapita, unahesabiwa tangu ajali.

Nikamwambia, "Lakini mimi nimejua juzi tu kwamba naumwa."

"Ndiyo maana tutaomba serikalini uongezewe muda," akasema. "Wanaweza kukubali, wanaweza kukataa. Ila kwenye kiapo lazima ueleze kilichokutokea mle majini, chote, na kwa nini umechelewa. Ukificha, hatuna hoja."

Nyumbani niliwaeleza habari za kesi, ila si za mkono. Mume wangu akasema, "Fungua. Mpaka leo wanapakia wanawake kwenye matela kama magunia."

Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini, akanishika goti. "Mimi nitakwenda na wewe, mwanangu. Nitawaambia ulikuwa binti mchangamfu namna gani kabla ya siku ile. Mwenzio aliondoka mara moja, hakusikia kitu. Aliyebaki anateseka ni wewe."

Nikauchukua ungo, nikaendelea kupepeta mimi.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokwama. Nikila kiapo, kesi ikisikilizwa mama huyu atakaa pale asikie kwamba mwanawe alikuwa hai, anaomba msaada kwa mkono, na hakuna aliyemfikia. Nikiacha, wale wenye shamba wataendelea, mimi sina cha kujitibia, na mtoto wangu naogopa kumwogesha. Wakili anasubiri jibu. Mama mkwe yeye ameshaanza kuuliza tutaondoka lini, ameshafua na kitenge cha kuvaa siku hiyo.

Nimwambie mwenyewe kwanza, au niiache kesi abaki na amani yake? Nawaomba mawazo, hasa ninyi mliowahi kuzika watoto. Ingekuwa ni wako, ungetaka kujua?