Mvua ya Kwenye Filamu

Nilivaa joho la kwaya la mama nikaenda kucheza nalo mvuani. Ujinga ndio huo, nautanguliza. Leo sweta langu la shule linakauka juu ya jiko, na harufu ya nguo mbichi na moshi ni ileile ya joho tulilolikausha hapo siku ile.

Kwa jirani tulikuwa tumeonyeshwa filamu fupi ya kizamani, isiyo na rangi: watoto wa rika letu wanaimba, wanacheza, wanaanguka makusudi. Mistari myeupe, mikwaruzo ya filamu kuukuu, ilishuka kwenye picha mwanzo mwisho. Sisi wa Tukuyu, kusikokatika mvua, tungeiita nini kama si mvua?

"Hawa wananyeshewa hadi sebuleni," nilisema.

"Na hawaugui," dada akanicheka. "Wewe tone moja tu, kikohozi!"

Nikaona nimuonyeshe. Mwimbaji wao mkuu alivaa joho refu, basi nikachukua la mama, alilokwisha kulipiga pasi aimbe nalo kesho yake kanisani. Nikatoka nalo uani mvua ikinyesha, nikazunguka, nikaanguka makusudi, nikainuka na tope hadi shingoni.

Mama alikuwa amesimama uani, kapu la kuchumia chai bado mgongoni. Alilitazama joho, akanitazama mimi.

"Kesho mimi sitoki," alisema. "Utasimama wewe, mstari wa mbele, sauti ya kwanza, na joho hilohilo."